Mchagua jembe si mkulima, lakini asiyechagua printa hulipa mara mbili

WAHENGA walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo ina hekima yake shambani, kwani mvua ikishanyesha hakuna muda wa kulalamikia mpini. Lakini ikihamishiwa ofisini hugeuka kuwa hasara, hasa pale chama cha msingi cha ushirika au mfanyabiashara mdogo anapokwenda mjini kununua printa.

Mambo aghalabu huwa hivi. Bodi ya chama inakubaliana kwamba wakati umefika wa kuwa na printa. Mwenyekiti na karani wanapanda basi hadi mjini, wanaingia duka la kompyuta, wanasoma bei zilizobandikwa, kisha wanarudi na ile ya bei ya chini. Mkutano mkuu unawapigia makofi kwa kubana matumizi.

Miezi michache baadaye mashine hiyo imefunikwa kitambaa pembeni mwa meza. Karani anabeba flashi kwenda kuchapisha orodha za malipo kwenye duka la steshenari la jirani, na chama kinalipia kila ukurasa. Fedha hizo hazitoki mfukoni mwa mwenyekiti. Zinatoka kwenye makato ya kila kilo ambayo mkulima amekubali kukatwa ili ofisi yake iendeshwe.

Si lazima printa hiyo iwe mbovu. Mara nyingi ni printa nzuri iliyonunuliwa kwa ajili ya kazi isiyo yake. Hapo ndipo lilipo tatizo, na dawa yake ni kuelewa mambo machache ambayo muuza duka hana haraka ya kuyaeleza.

Printa zinazouzwa kwa ofisi ndogo ni za aina kuu mbili. Ya kwanza ni ya wino wa maji, ambayo hurusha matone madogo sana ya wino kwenye karatasi kupitia matundu membamba kuliko unywele. Ya pili ni ya leza, ambayo haina wino wa maji hata tone moja. Hii hutumia unga mkavu uitwao tona. Mwanga wa leza huchora ukurasa kwenye silinda maalumu, unga unanasa palipochorwa, kisha unahamia kwenye karatasi na kuyeyushwa kwa joto linalokaribia nyuzi 200 za Selsiasi ili ushike.

Aina zote mbili zina umri mkubwa. Mwaka 1984 kampuni ya Hewlett-Packard ya Marekani ilitoa sokoni printa ya leza kwa dola 3,495, na mwaka huohuo ikatoa printa ya wino kwa dola 495. Tofauti ilikuwa mara saba. Tangu hapo bei za zote mbili zimeshuka sana, lakini desturi haikubadilika: ya wino huvutia kwa bei ya kuinunulia, na ya leza humtisha mnunuzi kabla hajapiga hesabu.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua mfano wa chama kinachotumia rimu 12 za karatasi kwa mwaka. Rimu moja ina karatasi 500, hivyo jumla ni kurasa 6,000. Bei zinazofuata ni za mfano tu, na kila chama kiweke za mji wake, lakini mwendo wa hesabu ni uleule.

Iwapo printa ndogo ya katriji za wino inauzwa Sh150,000, katriji yake nyeusi Sh45,000, na katriji hiyo inatoa kurasa 150, basi kila ukurasa unakula wino wa Sh300. Kurasa 6,000 zinahitaji katriji 40, yaani Sh1,800,000. Ukijumlisha na bei ya mashine, mwaka wa kwanza umegharimu Sh1,950,000.

Iwapo printa ya leza ya rangi nyeusi inauzwa Sh450,000, tona yake Sh120,000, na tona hiyo inatoa kurasa 1,600, kila ukurasa ni Sh75. Kurasa 6,000 zinahitaji tona nne, yaani Sh480,000. Pamoja na mashine ni Sh930,000. Printa iliyoonekana ghali mara tatu dukani imemaliza mwaka kwa chini ya nusu ya gharama ya ile ya rahisi.

Idadi hizo za kurasa si za kubuni. Katriji ndogo za wino zinazokuja na printa za bei ya chini huandikwa kurasa 120, 150 au 200. Tona ya 85A, ambayo mafundi wengi wanaifahamu, huandikwa kurasa 1,600, na ya 12A huandikwa kurasa 2,000. Lakini mnunuzi afahamu kwamba namba hizo hupimwa kwa ukurasa wenye maandishi ya kawaida, ambao wino umefunika takriban asilimia tano tu ya karatasi. Orodha yenye majedwali mazito, mihuri na picha humaliza wino mapema zaidi.

Jambo jingine la kuangalia ni kwamba printa mpya ya leza mara nyingi huja na tona ya kuanzia ambayo haikujazwa sawasawa na ile inayouzwa peke yake. Anayedhani amepata kurasa 1,600 za bure anaweza kukwama baada ya kurasa mia chache. Swali la kuuliza dukani ni moja: “Tona iliyomo ndani inatoa kurasa ngapi?”

Hata hivyo, bei ya ukurasa si mwisho wa maneno. Kuna jambo linalomhusu mkulima kuliko mtu yeyote, nalo ni msimu.

Ofisi ya chama cha korosho katika wilaya kama Masasi, Newala au Tandahimba haifanyi kazi kama benki ya mjini. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/08, makaratasi yameongezeka: kuna mapokezi ya mzigo, hati za ghala, matangazo ya mnada na orodha za malipo. Minada inapoanza, kwa kawaida mwezi Oktoba, ofisi haina usingizi. Msimu ukiisha, printa inaweza kukaa wiki nyingi bila kuchapa hata barua moja.

Wino wa maji haupendi mapumziko hayo. Ukikaa bila kutumika kwa muda mrefu, hukauka kwenye yale matundu membamba, hasa mahali pa joto na vumbi. Karani akiwasha mashine, ukurasa unatoka na mistari meupe. Anabonyeza kitufe cha kusafisha mara moja, mara mbili, mara tano. Kila usafishaji unanyonya wino mzima na kuumwaga kwenye sponji iliyo ndani ya mashine. Hivyo wino unakwisha bila kuchapa chochote, na sponji nayo ikijaa, printa hugoma mpaka fundi aitwe.

Unga wa leza hauna maji ya kukauka. Printa iliyofunikwa vizuri tangu Februari inaweza kuwashwa Septemba na kuchapa ukurasa wa kwanza ukiwa safi. Kwa chama cha msimu, hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuichagua leza, hata kama bei za ukurasa zingelingana.

Jambo la tatu ni usalama wa karatasi yenyewe. Karatasi ya chama haikai kwenye kabati la vioo. Inapita kwenye mikono yenye jasho, inakunjwa mfukoni, inanyeshewa mvua kwenye bodaboda. Wino wa rangi za kawaida ukipata maji huvuja, na namba 3 inaweza kufanana na 8. Mkulima aliyepeleka kilo 380 hana faida na karatasi ambayo haisomeki kama ni 330 au 380 siku ya kudai haki yake.

Maandishi ya leza ni plastiki iliyoyeyushwa juu ya karatasi, kwa hiyo maji peke yake hayayafuti. Ipo mitambo ya wino inayotumia wino mweusi mzito unaostahimili maji vizuri zaidi, na mwenye kutaka aina hiyo aulize kabla ya kulipa. Leza nayo ina udhaifu wake: karatasi ikikaa muda mrefu kwenye jalada la plastiki laini, hasa penye joto, herufi huweza kunata na kuhamia kwenye plastiki. Nyaraka za kudumu zihifadhiwe kwenye faili la karatasi.

Wapo watakaosema kwamba hoja hizi zimepitwa na wakati, kwa sababu sasa kuna printa za tangi. Wanaosema hivyo wana sehemu ya ukweli, na wanastahili kusikilizwa.

Printa ya tangi ni ya wino wa maji, lakini badala ya katriji ndogo ina matangi yanayojazwa kutoka kwenye chupa. Kampuni ya Epson ya Japani ilianza kuuza za aina hiyo nchini Indonesia mwaka 2010, na sasa zimeenea Afrika Mashariki. Chupa moja ya wino mweusi huandikwa kurasa 4,000 hivi au zaidi. Iwapo chupa hiyo inauzwa Sh40,000, kila ukurasa ni Sh10. Hata kama mashine ni Sh550,000, kurasa 6,000 zitamalizika kwa chupa mbili na jumla ya mwaka itakuwa Sh630,000. Kwa hesabu hiyo tangi linaishinda leza yenye tona mpya.

Kwa mwenye duka la steshenari, mashine hii ni mkombozi. Duka hilo linachapa kila siku, linahitaji rangi kwa ajili ya vyeti, kadi za harusi na picha ndogo za fomu, na faida yake imo kwenye zile shilingi chache za kila ukurasa. Wino haupati nafasi ya kukauka. Mfanyabiashara wa namna hiyo akinunua printa ya katriji, atajikuta anamfanyia kazi muuza katriji.

Lakini tangi halikuondoa tabia ya wino wa maji. Likiachwa miezi minne bila kazi, wino hukauka kwenye kichwa cha kuchapia kama unavyokauka kwa printa ya katriji, na kubadilisha kichwa hicho kunaweza kugharimu fedha zinazokaribia bei ya mashine mpya. Chama cha msimu kinachotamani unafuu wa tangi kiwe na karani mwenye nidhamu ya kuchapa walau ukurasa mmoja wenye rangi zote kila wiki, msimu uwepo usiwepo. Kama ofisi hufungwa kabisa baada ya mauzo, unafuu huo ni wa kwenye karatasi tu.

Tena leza nayo ina njia yake ya kupunguza gharama. Mafundi katika miji mingi hujaza unga upya kwenye tona iliyokwisha. Iwapo kujaza ni Sh30,000 na tona inarudia kurasa 1,600, ukurasa unashuka hadi takriban Sh19. Kazi hiyo inahitaji fundi anayeaminika, kwa sababu unga usiofaa huchafua mashine, na silinda iliyomo kwenye tona huchakaa. Ukurasa ukianza kutoka na mstari mweusi au kivuli baada ya kujazwa mara kadhaa, wakati wa kununua tona mpya umefika. Zaidi ya hayo, baadhi ya printa mpya zina kichipu kinachokataa tona isiyo ya kiwandani, hivyo ni busara kumuuliza fundi wa mjini kama anaijaza aina hiyo kabla ya kuinunua, si baada.

Kuna mahali ambapo leza inashindwa kabisa, na ni vema kusema wazi. Mahali hapo ni penye umeme mdogo. Kwa sababu ya lile joto la kuyeyusha unga, printa ndogo ya leza hutumia wati 300 hadi 500 inapochapa, na inapoanza kupasha moto huweza kuvuta zaidi ya hapo kwa muda mfupi. Printa ya wino hutumia wati kati ya 10 na 30 tu. Ofisi inayotegemea sola ya paneli moja na inveta ndogo ikiunganisha leza, inveta itapiga kelele na kuzima. Vivyo hivyo, leza isichomekwe kwenye yupieisi ndogo ya kompyuta, kwani kifaa hicho hakikutengenezwa kubeba mzigo huo.

Kwa ofisi ya sola, basi, jibu ni tangi, pamoja na ile nidhamu ya kuchapa kila wiki. Kwa ofisi yenye umeme wa gridi unaokatika mara kwa mara, leza inafaa, mradi ichomolewe kwenye soketi wakati wa radi na kazi zisisubiri siku ya mwisho.

Hoja nyingine inayosikika kwenye bodi ni rangi. Wajumbe wanapenda kuona nembo ya chama ikiwa ya kijani na njano kwenye barua. Si kosa kupenda kilicho kizuri, lakini orodha ya malipo haihitaji kijani. Chama kinaweza kupeleka karatasi mia chache za barua kwa mpiga chapa zikawekwa nembo ya rangi mara moja kwa mwaka, kikihakikisha wino wake unastahimili joto la leza, kisha maandishi ya kila siku yakachapwa kwa rangi nyeusi.

Na iko kazi ambayo hakuna printa kati ya hizi inayoiweza. Penye haja ya stakabadhi yenye nakala ya kaboni, inayotoka mara tatu kwa pigo moja, inatakiwa printa ya zamani ya pini, ile inayopiga kelele kama cherehani. Ndiyo maana mashine hizo bado zinaonekana kwenye baadhi ya maghala na mizani. Anayeuza leza kwa ahadi kwamba itafanya kazi hiyo hasemi kweli.

Utunzaji nao una nafasi yake. Katika mikoa ya pwani karatasi hunyonya unyevu, zikanata na kukunjamana ndani ya mashine, na lawama ikamwangukia fundi. Rimu iliyofunguliwa irudishwe kwenye mfuko wake na isiwekwe sakafuni. Unga wa tona ukimwagika usipulizwe kwa mdomo kwani haufai kuvutwa, na mikono ioshwe kwa maji baridi, maana ya moto huuyeyusha ukanata. Kitambaa cha kufunikia ni cha bei ndogo kuliko kumwita fundi.

Kwa muhtasari, mwenye duka anayechapa kila siku na kuhitaji rangi achukue tangi. Chama cha msimu chenye umeme wa kutosha kichukue leza nyeusi. Ofisi ya sola ichukue tangi na kulitumia kila wiki. Printa ya katriji ndogo iachiwe nyumba yenye mwanafunzi anayechapa kurasa chache kwa wiki, na ofisi ya wakulima isidanganyike na bei yake.

Lakini ushauri wa aina hautatosha kama utaratibu wa kununua utabaki uleule. Bodi zinapaswa kuacha kuleta mbele ya wanachama bei ya mashine peke yake. Zilete mambo matatu yaliyoandikwa: bei ya mashine, bei ya wino au tona pamoja na idadi ya kurasa zake, na jumla ya gharama kwa mwaka kulingana na rimu ambazo chama hutumia. Hesabu hiyo haihitaji mtaalamu. Mkulima anayejua kugawanya bei ya mfuko wa salfa kwa idadi ya mikorosho anaijua tayari.

Wanachama nao wasione haya kuuliza. Swali la “ukurasa mmoja unatugharimu shilingi ngapi?” likiulizwa kwenye mkutano mkuu mara moja tu, litakumbukwa na kila bodi itakayofuata. Hata printa inayotolewa kama zawadi na mfadhili au mgombea ipimwe kwa swali hilo, kwa maana anayepewa ng'ombe bure bado atamtafutia majani.

Wahenga haohao walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la leo linatoka kwenye printa, na likikosekana siku ya malipo kwa sababu wino umekauka, anayerudi nyumbani mikono mitupu si aliyekwenda mjini kuinunua mashine. Ni yule aliyeleta gunia lake ghalani.